Bafu Lisilo na Mlango

Binti yangu aliponipigia simu kusema yeye na mumewe wametulipia, mimi na mama yake, siku mbili kwenye butiki ya Unguja, nilikaa kimya kidogo. Hapa Kasulu butiki ni duka la nguo za akina mama. Mlangoni lina sanamu isiyo na kichwa, imevaa gauni la kitchen party. Nikamwuliza, "Tutalala juu ya kaunta, au mtatutundika kwenye henga?"

Akacheka mpaka salio likaisha. Alipopiga tena akanielewesha kwamba butiki hiyo ni hoteli ndogo, vyumba havifiki kumi, ndani ya nyumba ya kale ya Mji Mkongwe iliyokarabatiwa. "Baba, ile nyumba ina zaidi ya miaka mia na hamsini!" Alilitamka hilo kwa fahari, kama mtu anayetangaza matokeo ya mtihani.

"Mwanangu," nikamwambia, "kama raha yenyewe ni kulala kwenye nyumba kuukuu, mbona mimi huku ninalala bure?"

Sikuwa natania. Ninaishi kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba aliporudi kutoka mkonge. Waha wengi wa rika lake walikwenda manamba kwenye mashamba ya Tanga na Morogoro. Wapo waliolowea huko. Yeye alirudi na baiskeli, blanketi, na nia ya kujenga nyumba ya bati ili majirani wakose usingizi. Nyumba hiyo ndiyo iliyopigiwa kura na familia yangu ibomolewe, tujenge ya kisasa yenye bati la msauzi na vigae vya kuteleza. Kura zilikuwa tano kwa moja. Watoto ninao wanne. Ya tano ilitoka wapi, hesabu mwenyewe.

Tukaondoka. Basi lilipita Kibondo, nyumbani kwa mke wangu, na stendi walikuwa wanatusubiri shemeji zangu na dumu la asali la lita tano. "Shemeji, mkaonje huko pwani, msije mkalishwa sukari." Kwa hiyo mizigo yetu ikawa begi moja, dumu moja, na koti langu la baridi, kwa sababu mtu wa Kasulu hatoki nyumbani bila koti hata akialikwa jehanamu. Tukapita Kakonko, Nyakanazi, Kahama, Singida, Dodoma. Miguu ilivimba mpaka viatu vikawa si vyangu. Dar es Salaam tukapanda boti, saa mbili za kuombea dua ambazo nilikuwa nimeshazisahau.

Wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, waliondoka Unguja Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Karibu miezi minane. Sisi tuliikata njia hiyo kinyumenyume kwa siku mbili, na nina hakika kwamba nililalamika kuwazidi wote wawili.

Pale Mji Mkongwe gari haliingii. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na mtu mnene, mmoja wenu lazima awe mstaarabu. Hamali akatuchukulia begi. Dumu la asali nilikataa kuliachia. Tukafika mbele ya mlango wa nakshi, mbao nzito zimejaa maua na minyororo ya kuchongwa, na misumari ya shaba imechomoza kama matiti ya ng'ombe mwenye maziwa. Kijana wa mlangoni akatueleza kwamba misumari hiyo ni mtindo uliotoka India, ambako iliwekwa kuzuia tembo wa vita wasisukume milango kwa vichwa. Nikamwuliza lini Unguja ilivamiwa na tembo. Akasema haijawahi. Basi unaona, nikamwambia mke wangu, imefanya kazi.

Mapokezi tulipewa sharubati ya ukwaju na vitambaa vya baridi vilivyokunjwa kama sambusa. Nilimtazama mke wangu atafanyaje na chake, naye alikuwa ananitazama mimi.

Sasa, msomaji wangu, mimi gesti nazijua. Nimesimamia mitihani miaka mingi, nimelala gesti za Kasulu na Kibondo mpaka wahudumu wakanizoea. Gesti ina utaratibu. Unaandika kwenye daftari jina, kabila, utokako, uendako, unatia saini, unalipa, unapewa ufunguo wenye kibao cha mbao, kipande cha sabuni na malapa mawili ya mguu wa kushoto. Ukiomba maji ya moto yanakuja na ndoo. Mambo yamekwisha. Hapa nikapewa fomu inayouliza kama nina mzio wa chakula chochote, kama napenda mto laini au mgumu, na kama kuna jambo ninalosherehekea. Kwenye jambo la kusherehekea nikaandika: "Kustaafu." Nikafikiria kikokotoo cha pensheni, nikalifuta.

"Chumba chenu ni Mdalasini, baba yangu," akasema binti wa mapokezi kwa sauti ya kubembeleza. "Kipo juu kabisa."

"Namba ngapi?"

"Hakina namba. Kinaitwa Mdalasini."

"Lifti iko upande gani?"

"Hakuna lifti, baba. Nyumba ya urithi hii."

Hilo neno "urithi" ndilo lililonitesa siku mbili. Ngazi zilikuwa 71, nimezihesabu kupanda na kushuka, kila moja na kimo chake, kana kwamba kila fundi alileta kipimo cha goti lake mwenyewe. Nilipouliza televisheni, nikajibiwa nyumba ya urithi. Friji? Urithi. Mbona feni inazunguka kama inasali? Urithi, baba, na madirisha yamepangwa yavute upepo wa bahari. Lakini waifai ilikuwepo, tena kali. Nikamwuliza yule binti sultani yupi alikuwa na waifai. Isitoshe, jengo la Bait al-Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa umeme na lifti. Kwa hiyo lifti nayo ni urithi. Mbona huo hamkuurithi? Akatabasamu tu. Wale watu wamefunzwa kutabasamu.

Chumba chenyewe, kusema haki, kilikuwa kizuri, na hilo lilinikera zaidi. Kilikuwa kirefu na chembamba kama darasa lililokatwa katikati. Ukutani kulikuwa na vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, nami nikaweka redio yangu kwenye kimoja, dumu la asali chini yake. Katikati kulikuwa na samadari, kitanda cha nguzo nne chenye chandarua cha kifalme, kilichoinuka juu kiasi kwamba kiliwekewa kigoda cha kukwelea. Mama watoto alipanda mara moja tu akatulia juu kama malkia. Mimi nilijaribu mara tatu. Usiku nililala katikati, nimeshika godoro kwa mikono miwili, nikihofia kudondoka kama papai.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. Tatizo ni bafu.

Bafu lilikuwa mle mle chumbani. Simaanishi chumba kilikuwa self, self naijua. Namaanisha beseni la mawe lilikuwa hatua nne kutoka kitandani, na kati yake na dunia kulikuwa na pazia jepesi la kupitisha mwanga. Mlango hakuna. Fremu ya mlango hakuna. Mimi na mke wangu tuna miaka 38 ya ndoa na hajawahi kuniona nikihangaika kujisugua mgongo. Zipo siri zinazoifanya ndoa idumu. Kasulu bafu liko nyuma ya nyumba, mbali, na mtu akienda huko anakohoa kwanza.

"Mwalimu, oga tu," akasema kutoka juu ya samadari. "Nani anakutazama?"

"Wewe."

"Mimi natazama bahari."

Nikalitwaa koti langu la Kasulu, nikalitundika kwenye kamba ya pazia, vifungo vyote vimefungwa. Likawa mlango. Nikaoga kwa heshima. Tulipotoka na kurudi, mhudumu alikuwa amelishusha, amelikunja vizuri na kuliwekea ua jekundu juu. Nikalitundika tena. Kesho yake nikalikuta limekunjwa, na maua mawili. Vita hii ilipiganwa siku zote mbili bila neno kutamkwa.

Chakula cha jioni kiliandaliwa juu ya paa, sakafuni, kwenye mito. Magoti yangu yalipiga kelele mpaka Mfaransa wa meza ya pili akageuka. Vilikuja visahani vitano, kila kimoja na kitu kimoja: kipande cha pweza kikubwa kama stempu ya posta, kijiko cha kachumbari ya embe, kamba mmoja mpweke. Nilikula vyote huku nikingojea chakula kije. Baadaye tulishuka zile ngazi 71 tukaenda Darajani, nikanywa urojo bakuli mbili nikiwa nimesimama, nikarudiwa na ubinadamu. Asubuhi yake kifungua kinywa kilikuja na asali kwenye kikombe ambacho mwanasesere angekikataa. Mama watoto akafungua begi lake, akatoa chupa aliyoijaza kutoka kwenye dumu, akakijaza kile kikombe. Kisha akamjazia Mfaransa. Kufikia saa tatu paa zima lilikuwa linakula asali ya Kibondo, na mpishi ameitwa aje aone.

Mimi nilikuwa nimeshuka kununua dawa ya magoti. Ngazini, kwenye kona ya tatu, kulikuwa na picha kubwa ya zamani katika fremu ya dhahabu: wapagazi wamejipanga kwa mstari, kila mmoja na jino la tembo begani. Wageni hupiga picha mbele yake. Nami nilisimama, lakini nilikuwa natafuta uso. Maana majumba haya hayakujengwa kwa upepo wa bahari. Yalijengwa kwa karafuu, kwa pembe za ndovu na kwa watu waliouzwa, na sehemu ya pembe hizo na watu hao ilitoka huku kwetu bara, kwa njia ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kwa miguu. Soko la watumwa la hapo Unguja lilifungwa mwaka 1873. Nyumba niliyolala ilikuwa imeshajengwa. Kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kubeba sehemu ya ukuta ule begani, sikumwona kwenye picha, na hakuna aliyeniuliza kama nastahili punguzo.

Nikajifariji na jambo moja. Babu zetu Waha nao walijua kutoza. Mwaka 1871 Stanley alipokuwa akienda kumtafuta Livingstone, alikatiza nchi ya Buha, na kila aliposogea alimkuta mtwale, yaani chifu mdogo, anayedai hongo. Siku zile hongo haikuwa dhambi ya ofisini. Ilikuwa ushuru wa kupita kwenye nchi ya watu. Alitoa nguo, akatoa tena, akaambiwa mbele kuna wakubwa wengine wanamsubiri. Mwishowe aliona robota zote zitaishia kwa Waha, akakodi kiongozi wa njia, akatoroka na msafara wake usiku wa manane kwa kupitia porini. Ndivyo alivyofika Ujiji akiwa na kitu mkononi. Na sasa mjukuu wa watoza hongo yuko Unguja, ametoa kwa hamali, kwa kijana wa ngazini, kwa aliyeleta mto mgumu, na mapokezi kuna kisanduku kimeandikwa "Asante" kinachomtazama kila akipita. Deni la Stanley linalipwa, tena na mimi.

Mchana papasi mmoja alitung'ang'ania. "Mzee wangu, mimi nitakutembeza, utanipa chochote." Alitupeleka Shangani kwenye jumba la Mambo Msiige, la miaka ya 1840, ambalo nalo siku hizi ni sehemu ya hoteli kubwa. Masimulizi ya mjini yanasema mwenye kulijenga alitaka lisifananishwe na lolote, akaagiza mayai yasiyo na idadi yachanganywe kwenye chokaa. Jina lenyewe ndilo onyo: haya mambo yangu, msiyaige. Mimi, kama mwalimu wa hesabu, nilisimama nikikadiria zile zingekuwa chipsi mayai ngapi. Na onyo halikusikilizwa. Kila kichochoro sasa kina jumba lililogeuzwa hoteli.

Zamani haikuwa hivyo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, zikagawiwa familia, chumba hiki kwa hawa, kile kwa wale, na paa likawa la kila mtu, yaani halina mtu. Zikaanza kuanguka. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuuhifadhi mji, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wenye fedha nao walikuwa wameshaanza kuzinunua nyumba hizo na kuzigeuza hoteli. Mmoja wa mwanzo alikuwa Mmarekani, Emerson Skeens, miaka ya tisini. Hata hivyo kuanguka hakujaisha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Bait al-Ajaib iliporomoka jengo likiwa katikati ya ukarabati, watu wawili wakafa. Nyumba ya kale haitaki sifa, inataka fundi.

Na fundi nilimpata nyuma ya hoteli yetu, amechuchumaa kwenye karai la chokaa. Nilimsalimia, tukakaa barazani. Ni mtu pekee Unguja nzima ambaye hakuniambia neno "urithi".

"Mbona vyumba vyenu vyembamba hivi, fundi?"

"Boriti, mzee wangu. Dari imelalia miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake. Ukiupa chumba upana kupita mti, dari inakuja chini. Hapana ujanja hapo."

"Na hii chokaa? Saruji imekwisha madukani?"

Akanitazama kama mwanafunzi aliyejibu saba mara nane ni hamsini na nne. "Saruji ndiyo inayoziua hizi nyumba. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakunywa maji, lazima uyatoe. Ukiuziba kwa saruji, maji yanabaki ndani, ukuta unaoza kimyakimya, plasta inabanduka vipandevipande. Ukuta unataka kupumua."

Nikanyamaza. Maana nyumba ya baba, ya matofali mabichi ya udongo, mimi mwenyewe niliipiga plasta ya saruji nilipopata mkopo wa walimu. Kila masika inabanduka. Kila kiangazi naziba. Kila mwaka familia inasema unaona, nyumba imechoka, na mimi nasema saruji ya siku hizi ni feki. Miaka kumi na tano nimekuwa nikiibana pua nyumba ya baba yangu halafu nalalamika kwamba haipumui vizuri.

Sikumwambia fundi. Nilimpa pesa ya chai. Hongo hiyo peke yake niliitoa kwa moyo mweupe.

Siku ya kuondoka niliona bei, kwa bahati mbaya, kwenye karatasi iliyosahauliwa mapokezi. Sitaitaja. Nitasema tu kwamba kila usiku mmoja niliolala nimeshika godoro ulikula zaidi ya pensheni yangu ya mwezi, na ule wa pili sikulala kabisa, koti lilianguka nikiwa katikati ya povu. Boti yetu ilikuwa ya asubuhi. Nikamwambia mama watoto tufanye kama Stanley: tutoke alfajiri, viatu mkononi, tulipite lile sanduku la "Asante" kabla halijaamka. Tukashuka ngazi 71 kwa kunyata. Dumu lilikuwa tupu, halikugonga mahali. Nikauvuta ule mlango wa kuzuia tembo, ukalia mlio wa tembo.

"Safari njema, mzee wangu," akasema mlinzi, amekaa barazani, ameshaweka tasbihi mfukoni na mkono uko tayari.

Nikatoa. Stanley alibahatika, hakukutana na mlinzi wa Kizanzibari.

Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopita. Tangu nirudi Kasulu nimeibandua saruji yote, nimeupaka ukuta udongo na samadi ya ng'ombe, kama alivyofanya baba. Majirani walidhani kikokotoo kimenipanda kichwani. Mama watoto alisimama uani siku ya kwanza akaniuliza kama sasa tumekuwa maskini rasmi. Lakini masika yamekuja na kupita, na ukuta uko palepale. Kura hazijarudiwa. Mpiga kura mmoja, hata hivyo, ameonekana akipanda maua mbele ya baraza.

Wiki iliyopita binti na mkwe wakaja kutusalimia. Wenyewe walikuwa wameshauliza gesti nzuri pale mjini. Nikasema haiwezekani. Nikawapa sharubati, vitambaa vya baridi, na daftari la kuandika jina, kabila, utokako na uendako. Mkwe akauliza wanalala chumba gani.

"Mihogo," nikamwambia. "Cha pembeni."

Akazunguka kidogo na simu yake juu. Mtandao hakuna. Akatafuta soketi ya kuchajia, nikamwambia ipo moja, sebuleni. Akataka kuuliza sababu, nikamwahi: "Nyumba ya urithi hii, baba."

Akatabasamu. Kumbe hata kwa kutabasamu anafundishika. Halafu akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa adabu zote za mkwe, bafu liko upande gani.

"Nyuma ya nyumba," nikamjibu. "Kohoa kwanza. Lina mlango."